Kumpigia Mfalme Magoti

Haya alinisimulia shoga yangu Zubeda, mshonaji wa mavazi ya jukwaani, siku tulipokuwa tukichambua mchele wa arusi ya mjukuu wake.

Mzee Tolliver, Mwingereza aliyezeekea jukwaani na kwenye sinema, alishacheza wafalme, wezi, hata maiti. Safari hii akapewa utumishi, ufalme akapewa kijana Piers, aliyechekwa mazoezini.

"Leo watanizomea, mzee."

"Wewe simama tu. Ufalme wako nitauleta mimi."

Pazia likafunguka. Mzee akamwendea, akaanza kupiga magoti, akasita kama anayeogopa kukatwa kichwa. Ukumbi ukanyamaza. Piers akajikuta ameinua kidevu.

Baadaye Piers akamfuata mzee chumba cha kuvalia. "Mzee, uliniogopa kweli?"

Mzee alishalala kitini. Piers akakaa sakafuni kusubiri jibu, taji kichwani, mpaka naye usingizi ukamchukua.