Miezi Sita Mingine

Mama alianza kucheka kabla hawajamaliza ngazi.

"Nyamaza," mumewe akamwambia, naye akijiuma midomo. "Tukiingia hivi watadhani tumelewa."

"Hiyo tai nani kakufunga? Kama kamba ya mbuzi!"

Akaegemea ukuta, kicheko kikamshika upya. Wote wawili walikuwa wameshapita umri wa kuchekacheka ngazini. Yeye alikuwa fundi cherehani, mwenye pini kifuani hata siku za kutoka. Mumewe alikuwa fundi saa aliyekwisha kustaafu. Lakini kila walipokuja kwenye ofisi hii ya mikopo ya wanafunzi walirudi utotoni. Walivaa nguo zao nzuri, wakatoka nyumbani mapema kuliko ilivyohitajika.

"Masharti ni yale yale," mzee akanong'ona mlangoni. "Hakuna uongo. Atakayedanganya atafua mashuka mwezi mzima."

"Utafua wewe."

Dirishani alikuwepo karani wao wa siku zote. Wao kwa wao walimwita Bi Miwani, maana hakukosa miwani moja machoni na nyingine kichwani. Alipowaona akapiga meza kofi.

"Wazazi wa Mrefu! Karibuni! Hivi mwenyewe haji kwa kuniogopa mimi, au anauogopa ule mlango?"

Hilo ndilo walilokuwa wakilingoja. Mama akashika ukingo wa dirisha. "Hebu tukumbushe, mwanangu."

Bi Miwani hakuhitaji kubembelezwa. Akawasimulia tena siku kijana wao alipokuja kusaini mkopo. Aliingia kwa maringo, na koti la kuazima, akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Kisha akaigeukia fremu yenyewe akaiambia, "Samahani, mzee." Foleni nzima ikaangua kicheko. Naye akawainamia watu kama mwigizaji jukwaani, na alipoinuka akaigonga tena.

"Tena!" mzee akapaza sauti, kana kwamba hakujua. Alicheka mpaka tai ikalegea. Mama alijifuta macho kwa pindo la mtandio. Mtaani kwao watu walikuwa wameacha kumtaja Mrefu. Mazungumzo yakimkaribia, yalikata kona. Hapa alitajwa kwa sauti, mbele za watu, na jina lake halikumnyamazisha mtu.

"Haya, sasa kazi." Bi Miwani akabadilisha miwani. "Muda tuliompa umekwisha. Tusipoahirisha malipo leo, faili linakwenda kwa wale wafuatiliaji wa madeni, na kwao hakuna utani. Mimi sitaliona tena."

Kicheko kikamtoka Mama usoni. "Lisiende. Libaki kwako."

"Basi tutafute njia. Amerudi masomoni?"

"Hapana," wakajibu kwa pamoja.

"Ana kazi?"

"Hana."

"Anatafuta?"

Wakatazamana. "Hatafuti," mzee akakiri.

"Jamani, mtoto mzima! Nyinyi mnamdekeza."

"Si ndiye huyo huyo mmoja," Mama akasema.

"Labda anaumwa?"

"Haumwi."

Bi Miwani akashusha pumzi. Mzee akaligeukia tangazo la sababu zinazokubaliwa, lililobandikwa ukutani, akaanza kulisoma kwa kidole kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kurudi masomoni. Kukosa kazi. Ugonjwa. Kulea mtoto mchanga.

"Hilo la mtoto mchanga," akamwambia mkewe, "labda tukajaribu."

"Na mgongo wako huo?"

Waliokuwa nyuma yao kwenye foleni wakacheka mpaka mlinzi akachungulia. Kidole cha mzee kikafika mstari wa mwisho, kikatulia hapo kidogo, kisha kikarudi juu.

"Huo wa mwisho uache, Baba," Bi Miwani akasema. "Huo si wa kuahirisha, ni wa kufutiwa deni lote. Hauwahusu."

"Hautuhusu kabisa," Mama akadakia.

Mzee akamsogelea sikioni. "Mashuka," akanong'ona.

Mama akamkanyaga mguu.

"Imebaki njia moja," Bi Miwani akasema, akipekua faili. "Nyinyi ndio wadhamini. Mdhamini akilipa riba tu, deni husimama miezi sita. Lakini ni hasara kwenu. Mngemwacha alipe mwenyewe ajifunze."

"Tutalipa," wakasema kwa pamoja, upesi mno, hata Bi Miwani akawatazama juu ya miwani.

"Wazazi kama nyinyi sijapata kuona." Akagonga muhuri kwa nguvu. "Msalimieni sana. Mwambieni mimi namsubiri, na fremu inamsubiri."

Wakati wa kutoka, mzee, ambaye hata kwa kofia asingeifikia fremu ile, aliinama sana akapita chini yake. "Samahani, mzee," akaiambia. Mama nusura adondoke. Walishuka ngazi wameshikana mikono, kila mmoja akimzuia mwenzake asianguke.

"Twende tumwambie sasa hivi," Mama akasema, "kabla sijasahau Bi Miwani alivyosimulia."

"Na mashuka?"

"Nitafua. Ulikuwa uongo, nimekubali. Twende."

Walikwenda kwa miguu, na walifika bado wanahema kwa kicheko. Mzee akavua tai, akapangusa vumbi juu ya jiwe la kaburi. Mama akapiga magoti, akang'oa majani yaliyoanza kulifunika jina.

"Bi Miwani anakusalimu," akasema. "Umepata miezi sita mingine."