Dumu la Namba Moja

Jenereta iliyokufa saa nane mchana haikuwa ile waliyoitilia shaka.

Fundi mitambo wa hospitali alikuwa ameapa kwamba oili iliyosafishwa upya itaua injini. "Oili ikishachoka imechoka," alimwambia mkurugenzi, aliyetaka kubana matumizi. "Huwezi kuichuja ikarudi ujana." Wakakubaliana kuzilinganisha: jenereta namba moja itiwe oili mpya, namba mbili itiwe iliyosafishwa. Fundi ndiye aliyepanga. Namba moja ililisha wodi ya mahututi, na humo ndimo alimolazwa mama yake, akipumulia mashine.

"Mama yuko upande salama," alimtuliza dada yake. "Dumu jipya kabisa. Lakiri nimeikata mwenyewe."

Alikuwa mtu wa utaratibu, tena mbishi. Kila dumu lililokwisha alilipindua, akachora tarehe kitakoni kwa msumari, kisha akamgawia mwokota madumu wa getini, pamoja na kizibo chake, akauze. Mtunza stoo alimsihi ayatoboe kwanza.

"Acha uchoyo," fundi alimjibu. "Dumu zima hivi litamfaa mtu."

Siku ya tisa ya majaribio umeme ulikatika. Namba mbili ikanguruma bila wasiwasi. Namba moja ikakohoa, ikatoa moshi, ikakwama. Fundi akahamishia nyaya za wodi kwenye namba mbili. Ilimchukua dakika kumi na moja.

Dada yake alimkuta amepiga magoti kando ya injini.

"Kaka," alisema, "mama ametutoka."

Hakulia. Hasira ikampa kazi ya kufanya. Alifungua bolti ya chini, oili ikachuruzika na chembe za chuma zikimeremeta ndani yake. Mkurugenzi alisimama mlangoni.

"Kuna mtu kaichezea oili yangu," fundi alimwambia, akimkazia macho. "Kuna mtu kamuua mama yangu, na nitamjua leo leo."

Akaliendea dumu la namba moja, lililokuwa limebaki na robo ya kuongezea. Akamimina kidogo kiganjani. Rangi ilikuwa nzuri, ya asali, lakini alipoisugua kwa vidole ilikuwa nyepesi kama maji. Akaimwaga yote kwenye beseni.

Kisha, kwa mazoea tu, akalipindua dumu na kushika msumari.

Tarehe ilikuwepo tayari, ya mwaka jana, kwa mwandiko wake mwenyewe.