Mafuta ya Nguruwe Mweupe

Mchinjaji alibonyeza mafuta ya nguruwe kwa kidole gumba, akanusa.

"Mama, yamelegea, yananuka dagaa. Siyachukui."

Masika yalikaribia, na Perpetua alikuwa amemtegemea nguruwe huyo apate mabati ya nyumba. Akamgeukia shemeji yake. Matanga yalipokwisha, ndiye aliyemchukua nguruwe mweusi wa marehemu mumewe Perpetua, akamwachia huyu mweupe wa kizungu.

"Si wewe uliyesema nimpe dagaa, atanenepa?"

"Kwani hakunenepa, shemeji?"

"Na wako ulimlisha nini?"

"Viazi na muhogo, kama alivyomlisha marehemu." Akacheka.

Mweusi alining'inia kando, mafuta yake meupe, magumu kama nta, na wanunuzi wamemzunguka.

Perpetua akafanya ishara ya msalaba. Kwenye mafuta yake, shimo la kidole lilikuwa halijajaa.