Kiti cha Mbele

Mzungu alikuwa amekatazwa kusimama. Akijaribu tu, Mzee Mwinyimvua hukohoa kule ndani, naye hurudi kitini taratibu, kofia ya jua kichwani, mikono magotini, uso umeelekea njiani.

Kiti chenyewe kilikuwa nje, ubavuni mwa mlango wa duka. Watu wa Mkange walioleta Bagamoyo mbata zao, nazi kavu za kuuza, walisimama kumtazama. Wakishasimama wanaona kanga, na wakishaona kanga wananunua. Hata wateja wa Salumu, mwenye duka la ng'ambo ya njia, walivuka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mwinyimvua aliwaambia wenzake kwenye kahawa. "Katoka Ulaya kuja kujifunza biashara, mimi nimemfanya bango." Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba.

Mzungu huyo, Bwana Joji, alikuwa mwanafunzi wa biashara kweli. Chuo chao Uingereza na shule moja ya biashara ya Dar es Salaam walipatana kubadilishana vijana kwa mwaka mmoja: wa kwao aje akae na mfanyabiashara wa pwani, wa huku aende kwenye kampuni ya huko. Wa huku alikuwa Mikidadi, mtoto pekee wa Mwinyimvua.

Joji alifika na maswali yasiyo na kituo. Mbata hukaushwaje? Bei hupangwa na nani? Akaomba aonyeshwe ghala. Mwinyimvua alimtazama kama mgeni aliyeomba kuonyeshwa chumba cha kulala. Siri za ghala zilikuwa za mwanawe. Huyu atakula wali, atakaa, na ataondoka mtupu kama alivyokuja. Ndipo akampa kiti. Siku moja Joji, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, alilalamika kwamba mgongo unamuuma na hajafundishwa kitu.

"Unafundishwa kukaa," Mwinyimvua akamjibu. "Inaonekana kwenu hawakukufundisha."

Dharau hiyo ilikuwa na mahali pa kuegemea. Pwani nzima inajua kuwa mwenye mali hukaa mbele ya duka, nguo safi, hana analoshika; wanaotoka jasho wako nyuma, ghalani. Basi habari aliyoileta Haji, baharia aliyekuwa amerudi kutoka Livapuli, ilimvimbisha mzee kichwa. Haji alikuwa amemwona Mikidadi kwa macho yake kwenye kampuni moja ya kahawa.

"Amekaa mbele kabisa, mzee, penye dirisha la kioo. Kavaa lile joho. Hafanyi kazi yoyote," Haji alisema, akakiinamia kikombe chake. Aliongeza kuwa Waingereza wakipita pale husimama. Alipobanwa aeleze zaidi, aliaga, akasema ana safari ya Pangani.

Joho lile lilikuwa la marehemu babu yake Mikidadi, vazi la Idi na la harusi. Kampuni yenyewe ndiyo iliyoagiza kijana aje na mavazi ya heshima ya kwao. Mwinyimvua hakuchoka kuwauliza watu wa baraza: kampuni gani itamtaka mwanafunzi aje na joho, kama si kampuni inayomjua mtoto wa watu? Akatangaza kwamba siku Mikidadi atakaporudi atakabidhiwa funguo zote. Rehani, mpwa wake aliyeendesha ghala tangu ujana, aliambiwa atafute riziki kwingine kwa kuwa elimu iko njiani. Rehani akavuka njia, akaenda kufanya kazi kwa Salumu. Mkewe Mwinyimvua, Bi Mwanamkasi, alimuuliza mumewe nani atalishika ghala kifua kile kikimwangusha leo. Mzee akamwambia mambo ya biashara hayamhusu. Tangu hapo duka zima, na uzee wao wote wawili, vikabaki kumngoja Mikidadi.

Siku ya kurudi, mtaa ulijaa. Mikidadi aliteremka kwenye lori la Dar es Salaam, akambusu baba yake mkono na kumwamkia shikamoo. Mzee akaitika marahaba ya kusikika mpaka ng'ambo. Bi Mwanamkasi akapiga vigelegele. Salumu alisimama mlangoni kwake pamoja na Rehani, na Mwinyimvua alifurahi kwamba wapo waone.

Mzee mwenyewe akaufungua mzigo wa mwanawe, akalitoa joho, akalikunjua na kuliinua juu ili watu walione. Upande wa kulia ulikuwa bado mweusi ti. Upande wa kushoto ulikuwa umepauka, kuanzia begani mpaka chini.

"Jua gani hili la Ulaya, linalochagua upande?" akauliza, na watu wakacheka.

Mzee akamvika, akamtia funguo mkononi. "Haya, mwanangu. Waonyeshe hawa ulichofundishwa."

Mikidadi alizitazama funguo, akautazama mlango wa ghala. Kisha akamwona Joji pale kitini, kofia kichwani, mikono magotini. Wakatazamana kwa muda mrefu.

Akamrudishia baba yake funguo. Akaingia dukani, akatoka na kiti, akakiweka upande wa pili wa mlango, kikaelekea njiani. Akakaa. Akalipanga joho lianguke vizuri, akaweka mikono magotini, akainua kidevu. Watu wakasogea karibu, wakisubiri.

"Usiegemee, ndugu yangu," akamwambia Joji, bila kugeuza shingo. "Ukiegemea, hawasimami."