Kiwanja Kilichofagiwa

Futi ya kupimia ilikuwa imeshanyooka hadi katikati ya kiwanja ndipo Thuwaiba, mchora ramani kutoka mjini, alipoona kuwa mchanga umefagiwa.

Sheha alimwambia kiwanja ni kitupu, achore tu kituo cha zimamoto, cha kwanza hapa kisiwani Tumbatu. Lakini michirizi ya ufagio wa njukuti ilikuwa bado mipya, na ilizunguka mafiga matatu meusi.

"Nani anafagia hapa, bibi?" alimuuliza mama mtu mzima aliyekuwa akimshikia ncha ya pili ya futi.

"Mie. Kila asubuhi. Nyumba iliyoungua hapa ilikuwa yangu, na kiwanja nimekitoa mwenyewe. Gari la zimamoto litakaa wapi?"

Thuwaiba aliutazama mchoro, akaelekeza kwa penseli karibu na mafiga.

"Pale walikuwa wamelala wajukuu zangu. Mlango ulikuwa hapa niliposimama."

Futi ikalegea baina yao.

"Naweza kuugeuza mchoro, bibi. Gari nikaliweka upande mwengine."

"Usigeuze kitu, mwanangu. Siku ile zimamoto walivuka kwa boti, wakakuta majivu. Wakiwa hapa hapa watachukua muda gani?"

Thuwaiba alitamani angekuwa hajui jibu.

"Dakika mbili."

Bibi aliivuta futi mpaka ikakaza, akaifuata kwa macho kutoka pale ulipokuwa mlango hadi pale penye mafiga.

"Dakika mbili," alisema. "Zingetosha."