Kopo la Kumi na Moja

Kila asubuhi Bi Rukia alipima mchele wa nyumba nzima kwa kopo moja kuukuu, akitaja jina la kila mlaji ili asimpunje mtu. Walaji walikuwa kumi na mmoja. Lakini jana mumewe, Mzee Kombo, alimfukuza binti yao mkubwa, Saumu, kwa kumkataa mchumba aliyemchagulia, akaapa kwamba jina hilo lisisikike tena humu ndani.

Leo mzee alisimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma, akisikiliza.

"La Bibi. La Mbaruku. La Hadia..."

Uani, ufagio wa watoto ulisimama. Baada ya kopo la kumi, Bi Rukia alikung'uta mikono.

"Bado moja," mzee alisema.

"La nani?"

Mzee akakohoa. "Si unajua wewe."

"Sijui mimi." Akachota, akaliinua kopo juu ya ungo, likiwa limejaa hadi kufurika. "Nitajie nimpimie."

Midomo ya mzee ikafunguka. Punje za mchele zilidondoka moja moja, na kopo lilikuwa bado halijainama.