Usiwawashie la Buluu

Mteja aliweka kiganja juu ya boneti ya gari jeupe, akafumba macho na kusikiliza mngurumo kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Muuzaji alisimama kando yake. Hakuthubutu hata kukohoa.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi. Bosi alishamwambia waziwazi: miezi miwili bila kuuza hata tairi imetosha. Leo litoke gari moja uani, la sivyo Jumatatu asijisumbue kuja. Na katika watu wote wa mji, Mungu alikuwa amemletea mume na mke ambao maneno matamu yaliwapita kama upepo.

"Nozeli za mafuta zimechoka," mteja alisema akifumbua macho. "Sikia linavyogonga. Na moshi mweusi ule si wa baridi ya asubuhi."

"Basi twende la kijivu, kaka," muuzaji akasema haraka. "Dizeli vilevile, viti saba vilevile. Hili mafuta halinywi, linanusa tu."

La kijivu liliwaka bila kero. Wakazunguka nalo mitaa ya karibu, mume kwenye usukani, muuzaji pembeni yake, mke nyuma. Kila walipopita juu ya tuta, mke aliguna.

"Shokapu zimekufa hizi," alisema waliporudi, akishuka huku ameshika kiuno. "Mama mkwe ana mgongo mbovu. Tukimpandisha humu atafika vipande vipande."

"Na injini?" mumewe akamuuliza.

"Injini nzuri. Lakini mama hakai juu ya injini."

Muuzaji alicheka. Alicheka peke yake. Macho ya wale wawili yalikuwa yameshampita, yametua mwisho wa ua, ambako gari la tatu liliegeshwa kwa kubanwa ukutani, nusu yake imefunikwa turubai. Lilikuwa la buluu iliyokoza, rangi bado inanuka upya.

"Na lile?" mume akauliza.

Kabla hajajibiwa, simu ya muuzaji iliita. Juu, kwenye dirisha la ofisi, bosi alikuwa amesimama, simu sikioni.

"Usiwawashie la buluu. Waambie limeshauzwa."

"Lakini bosi, jana si ulisema hata hilo liuzwe..."

"Limeshauzwa!" Simu ikakatwa.

Muuzaji aliirudisha simu mfukoni. Gari lile lilikuja wiki tatu zilizopita, likapelekwa kwa fundi wa rangi hata kabla ya kuoshwa. Tangu siku hiyo moyo wake ulikuwa ukimwambia kwamba lina ugonjwa. Huenda liliwahi kupinduka. Huenda injini imeungwaungwa, na bosi anangoja mteja asiyejua kitu. Huyu mwenye masikio ya daktari angeligundua kwa dakika moja.

Alipogeuka, mke alikuwa ameshalivua turubai na kuketi kiti cha mbele cha abiria. Alipeleka mkono chini ya kiti, kikarudi nyuma taratibu. Akajiegemeza.

"Vipi, mama pacha?" mumewe akauliza kwa sauti ya chini.

"Ndilo," mke akasema.

Hilo ndilo neno analoliota kila muuzaji wa magari. Muuzaji alilisikia, na badala ya kufurahi akatupia jicho dirisha la ofisi. Mume alizunguka, akafungua mlango wa nyuma, akauinua kidogo, akaufunga. Ukaingia kimya. Muuzaji alikuwa amegombana na mlango huo wiki tatu nzima.

Angeweza kunyamaza. Gari lingetoka, na Jumatatu angekuja kazini kama kawaida. Lakini alimfikiria yule mama mkwe na mgongo wake, na wale pacha, wote wamo ndani, breki zinakataa mteremkoni.

Akainama dirishani. "Dada, nisikilize," alinong'ona. "Na mimi nina mama nyumbani. Gari hili lina siri. Sijui ni injini, sijui ni kitu gani, ila bosi hataki kabisa mliwashe. Chukueni la kijivu, mbadilishe shokapu. Mtanishukuru."

Mke alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Mdogo wangu," alisema, "wewe simama mbali kidogo."

Muuzaji hakuelewa. Bosi alikuwa akiteremka ngazi mbilimbili, shati limemtoka suruali.

"Shukeni humo!" alipiga kelele kutoka katikati ya ua. "Nimesema limeshauzwa! Kwani huyu hakuwaambia?"

"Ameniambia mengi," mke alijibu. "Kazi yake anaijua."

"Basi shukeni. Gari lina mwenyewe hilo."

"Yuko wapi?" mume akauliza. Alikuwa ameshaingia upande wa usukani. Hakupandisha sauti.

"Hayakuhusu!" Bosi alifika akitweta, akainua mkono juu. Ufunguo ulining'inia kidoleni mwake. "Haya, kaeni humo mpaka jioni mkitaka. Ufunguo ni huu, ni mmoja tu, na hautoki mkononi mwangu. Tuone mtaliwasha na nini."

Muuzaji alimtazama mteja, akitegemea kwamba sasa atakasirika, atatukana, atashuka. Mteja alifunga mkanda. Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa ufunguo wake mwenyewe, akauzungusha, na injini ikawaka.